Kalenda ya Dodoma na kalenda ya mkorosho

Alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza, mkulima wa Newala hujifunga kitambaa puani, akabeba bomba la kupulizia mgongoni na kuingia shambani. Injini ikinguruma, wingu la njano la salfa hupanda mpaka kwenye matawi na kutua juu ya maua ya mkorosho. Jua likipanda na upepo ukaanza kutikisa majani, kazi ya siku imekwisha, maana unga wote utaishia kwa jirani. Ubwiri unga nao hauna subira. Ukiyakuta maua hayana dawa unayakausha, na ua likishakauka halizai, hata salfa iletwe bure wiki mbili baadaye.

Kazi hiyo hushika kasi Juni na Julai. Juni ndio mwezi ambao wabunge, kule Dodoma, hupitisha bajeti na Muswada wa Sheria ya Fedha. Kwa miaka kadhaa kalenda hizi mbili zilipishana bila kusumbuana. Mwaka 2018 ziligongana.

Korosho ghafi ikisafirishwa nje ya Tanzania hutozwa ushuru. Kiwango cha wakati huo kilikuwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kutegemea ipi ilikuwa kubwa. Sheria ilitamka kwamba asilimia 65 ya fedha hizo zirudi kuendeleza zao lenyewe: salfa na pembejeo nyingine, miche, na utafiti wa kituo cha Naliendele karibu na Mtwara mjini. Asilimia 35 iliyobaki ilikwenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Muswada wa 2018 ukafuta mgawanyo huo. Fedha zote ziende Mfuko Mkuu, kisha Wizara ya Kilimo iombe bajeti kama wizara nyingine.

Wabunge wa Kusini, yaani Lindi na Mtwara, walisimama kupinga, na wengi wao walikuwa wa chama tawala. Hawa Ghasia, mbunge wa Mtwara Vijijini aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, alikuwa miongoni mwa waliopinga. Walidai hata mabilioni ya misimu iliyotangulia hayajafika kwa wakulima. Kwa siku chache ukumbi ulichangamka kama ambavyo haukuwa umechangamka kwa siku nyingi kwa ajili ya zao moja. Muswada ukapita. Shambani, maua yalikuwa yameshachanua.

Hapa kuna jambo ambalo wanaosema “Kusini haina mtu juu” hulipita haraka. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa, mkoani Lindi. Aliwahi kuwapo pia rais kutoka Kusini kwa miaka kumi kamili, Benjamin Mkapa, mzaliwa wa wilaya ya Masasi. Mtu juu alikuwapo. Kama tatizo lingekuwa kukosa ndugu mezani, lingekwisha zamani.

Neno linalopendwa katika mijadala ya mikoa ya pembezoni ni “kusahaulika”. Kwa Lindi na Mtwara neno hilo halisemi kweli. Mikoa hii imekumbukwa mara nyingi na kwa gharama kubwa. Kasoro ni kwamba kila ilipokumbukwa, hesabu ilikuwa imeshapigwa mahali pengine, kwa haja ya watu wengine, na wenyeji wakaletewa jibu.

Chukua karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, na mwaka 1947 ukaanza mradi wa kulima karanga Kongwa, Urambo na, huku Kusini, Nachingwea. Matrekta yakaletwa, mengine yakiwa mitambo ya kivita iliyobadilishwa kazi. Kwa ajili ya Nachingwea ikajengwa reli kutoka pwani, na Mtwara ikapata bandari yenye kina kirefu. Mwanzoni mwa 1951 mradi ukatupwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Bandari ilibaki. Reli iliendelea kidogo, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha vyuma vyenyewe vikang'olewa. Kuna sehemu nyingi duniani ambazo hazijawahi kufikiwa na reli. Kusini iliifikia reli, ikaizoea, halafu ikatazama ikiondoka. Ahadi ya reli mpya, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, imekuwa ikitajwa kwenye hotuba kwa muda mrefu kiasi kwamba vijana wa sasa waliirithi kwa wazazi wao.

(Mwenye kutaka kurudi nyuma zaidi anaweza kwenda Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, ambako mwaka 1905 watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima. Vita ya Majimaji ilianza kwa kugombea nani aamue shamba lilimwe nini. Lakini hilo ni la Wajerumani, na si haki kumbebesha mzigo wa Mjerumani kila mtu aliyekuja baadaye.)

Korosho yenyewe iliangushwa na uamuzi, si na mvua. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilikuwa ikikusanya takriban tani 145,000. Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Watu wakahamishwa kwenda kukaa pamoja, na mikorosho, ambayo haihamishiki, ikabaki nyuma kwenye msitu uliokua haraka. Vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976. Ubwiri unga ukaingia juu ya hayo yote. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Kibaya zaidi, hicho ndicho kipindi viwanda vikubwa vya kubangua vilikuwa vikijengwa kwa mikopo ya nje, kila kimoja kikisubiri korosho ambazo sera nyingine ilikuwa imeziua. Baadhi havikuwahi kufanya kazi kama ilivyopangwa. Vilipobinafsishwa, vingi viligeuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazongoja meli kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mgeni anayepita barabarani anaweza kudhani ni kiwanda kinachofanya kazi, maana msimu ukifika malori hupanga foleni nje.

Halafu gesi.

Iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974, na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Ilikaa ardhini hadi miaka ya 2000. Ulipotangazwa mpango wa kuisafirisha kwa bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, kwa mkopo wa China, wananchi wa Mtwara walikuwa wameahidiwa mitambo ya umeme na viwanda hapo hapo. Desemba 2012 waliandamana. Serikali ikajibu kwamba gesi ni mali ya Taifa zima, kama dhahabu na kahawa zilivyo mali ya wote. Jibu hilo ni sahihi, lakini halikuwa jibu la swali lililoulizwa. Mtwara haikuwa imesema gesi ni ya Wamakonde. Ilikuwa imeuliza ahadi zimekwenda wapi, na kwa nini imesikia habari za bomba baada ya mkataba. Mei 2013, hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na kuthibitisha kuwa bomba linaendelea, mji ulilipuka. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zilichomwa, na wanajeshi wakaingia mitaani. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015.

Mwezi huo huo kilizinduliwa kiwanda cha saruji cha Dangote nje ya Mtwara, na ni lazima kikumbukwe, maana ni kitu kikubwa na kimeajiri watu. Lakini kwa miaka mingi baada ya gesi kuanza kuwasha mitambo ya umeme ya Kinyerezi jijini Dar es Salaam, Mtwara na Lindi ziliendelea kuishi nje ya Gridi ya Taifa, zikitegemea mitambo yao midogo ambayo ilipoharibika, mji ulilala gizani. Gesi ilikuwa inapita chini ya ardhi ya kijiji huku juu mama akichochea kuni. Picha hiyo imetumiwa sana na wanasiasa, mpaka imechakaa, ila haijaacha kuwa kweli.

Turudi 2018, kwa sababu Juni ilikuwa mwanzo tu.

Msimu wa 2017/18 ulikuwa wa neema: karibu tani 313,000, na bei mnadani zilifika shilingi 4,000 kwa kilo. Oktoba 2018 minada ilipofunguliwa, soko la dunia lilikuwa limeshuka, na wanunuzi wakaleta bei zilizokuwa chini ya 3,000. Wakulima walizikataa. Novemba, mawaziri wawili, wa kilimo na wa biashara, waliondolewa, na Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya Jeshi yakaenda Kusini kubeba mzigo. Watu walishangilia, na walikuwa na sababu. Hakuna aliyewahi kuwatumia jeshi kwa ajili ya kuwalipa.

Kisha likaja suala la kangomba.

Asiye wa Kusini huenda halijui neno hili vizuri. Mkorosho hulipa mara moja kwa mwaka. Kati ya Januari na Septemba kuna ada za shule, kuna magonjwa, kuna msiba, kuna miezi ambayo ghala la muhogo na mahindi limeisha. Mfanyabiashara mdogo wa kijijini huja na fedha taslimu, au na unga, na kupewa ahadi ya korosho ambazo bado ni maua. Mavuno yakifika anachota mzigo wake kwa bakuli, kwa bei ambayo mwenye shamba huona aibu kuitaja. Huo ndio ukangomba, na mnunuzi huyo ndiye kangomba. Ni biashara haramu, nayo ni benki pekee iliyo wazi usiku, mtoto anapopata degedege.

Serikali iliamua kwamba haitamlipa kangomba, ila mkulima halisi. Nia ilikuwa njema. Ikaundwa timu ya uhakiki, na waliopeleka mzigo mkubwa wakatakiwa kuonyesha mashamba. Lakini kwenye kitabu cha chama cha msingi cha ushirika, kangomba na mkulima wanafanana: wote wana jina, akaunti na kilo. Aliyelima kweli alisubiri pamoja na aliyechota kwa bakuli. Aliyekwishachukua unga wa kangomba mwezi wa Saba sasa alikuwa na mdai mlangoni na korosho ghalani, na hakuna hata kimoja kilichosogea. Wapo waliosubiri fedha zao hadi mwaka 2019 ukafika katikati. Januari ya mwaka huo ulisainiwa mkataba wa kuiuzia kampuni moja ya Kenya tani 100,000. Baadaye ukafutwa bila korosho kuondoka. Uzalishaji wa msimu huo wa 2018/19 ulikuwa umeshaporomoka hadi takriban tani 225,000, na fedha zilizochelewa ndizo ambazo zingenunua salfa ya msimu uliofuata.

Hakuna anayehitaji kuamini kwamba kulikuwa na njama dhidi ya Kusini. Haikuwapo. Waliofuta mgawanyo wa ushuru walitaka fedha za umma zikae mfuko mmoja, na mhasibu yeyote angewaunga mkono. Waliopeleka malori walitaka kumwokoa mkulima na bei mbaya. Ila katika kila hatua, mtu ambaye angeweza kusema “Juni mikorosho inachanua” au “kangomba na mkulima wako kwenye kitabu kimoja” hakuwa na kiti, au alikuwa na kiti kisicho na kura, au kura yake ilizidiwa.

Hesabu ya kura yenyewe ni fupi. Sensa ya 2022 ilikuta Lindi ikiwa na watu milioni 1.2 na Mtwara milioni 1.6. Kwa pamoja hawafiki asilimia tano ya Watanzania milioni 61.7, na ni kama nusu tu ya wakazi wa Dar es Salaam. Lindi ni mkoa mpana mno, kilomita za mraba zinazokaribia 66,000, lakini ardhi haipigi kura. Mwanasiasa anayetafuta urais anaweza kuikosa mikoa yote miwili na asikose usingizi.

Ndiyo sababu serikali za mitaa zingekuwa kinga, na hapo ndipo pana ufa mkubwa kuliko wote. Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais. Mkurugenzi wa halmashauri, anayeshika kalamu ya fedha, naye huteuliwa, na anaweza kuhamishiwa Kigoma kabla hajakamilisha msimu mmoja wa korosho. Diwani aliyechaguliwa ndiye anayelala kijijini, lakini bajeti ya diwani inategemea ushuru wa mazao, na mwaka 2017 Bunge liliupunguza ushuru huo kwa mazao ya biashara kutoka asilimia 5 hadi 3. Mkulima alipunguziwa makato, na hilo lilimfaa. Kwa halmashauri za Tandahimba, Newala na Nanyumbu, ambazo mapato yake ya ndani kwa sehemu kubwa hutoka kwenye korosho, lilikuwa pengo. Mwaka uliofuata likaja la ushuru wa nje.

Si kwamba hakuna lililobadilika. Tangu 2021 Serikali imekuwa ikigawa pembejeo za ruzuku, sehemu ya ushuru wa nje imerudishwa kwenye kilimo, na msimu wa 2024/25 mavuno yalivuka tani 400,000, kiwango ambacho wazee wa miaka ya 1970 hawakukiona. Agizo la kusafirisha korosho kupitia bandari ya Mtwara, badala ya malori kuzibeba hadi Dar es Salaam, limewapa kazi makuli na mama lishe wa mji ule. Haya ni maamuzi mazuri. Yamefanywa na mikono ile ile, katika ukumbi ule ule, na kwa utaratibu ule ule uliozaa yale ya 2018. Kilichotolewa kwa kifungu cha Muswada wa Fedha kinaweza kuondolewa kwa kifungu cha Muswada wa Fedha.

Barabara nayo ina somo lake. Hadi Agosti 2003, lilipofunguliwa Daraja la Mkapa lenye urefu wa karibu kilomita moja juu ya Rufiji, basi la Kusini lilisubiri pantoni, na maji yakijaa lilisubiri zaidi. Baada ya daraja kilibaki kipande cha kilomita 60 hivi kati ya Ndundu na Somanga, ambacho hakikupata lami kwa miaka mingi. Abiria walilala humo masika, wakinunua maji kwa bei ya soda. Lami ilipofika watu walidhani kisa kimekwisha. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga na mikoa ya Kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Njia kuu ni moja. Ikikatika, bei ya petroli na nyanya huko Lindi hupanda siku hiyo hiyo, na mgonjwa wa rufaa anayesafirishwa kwenda Muhimbili hukwama.

Linaloweza kufanyika ni dogo kuliko reli. Mgawanyo wa ushuru wa zao unaweza kuwekwa kwenye sheria ya zao lenyewe, usiwe kitu cha kuchezewa kila Juni. Kifungu kinachogusa zao la msimu kinaweza kucheleweshwa kuanza kutumika mpaka msimu upite. Mkurugenzi anaweza kuajiriwa na kuwajibishwa na baraza la madiwani. Mapendekezo ya aina hii si mageni Tanzania, na hakuna hata moja linalogharimu mkopo wa China.

Na kamati ya Bunge inaweza kwenda Masasi. Kwa sasa ni kinyume chake. Muswada ukishasomwa, wadau huitwa Dodoma kutoa maoni, na muda huwa siku chache. Mjumbe wa chama cha msingi kutoka Newala akitaka kusikilizwa, atapanda basi la alfajiri, apite Lindi, Somanga na darajani, aingie Dar es Salaam jioni. Atalala kwa ndugu Mbagala. Kesho yake atadamka kwenda stendi ya Magufuli, Mbezi, atafute basi la Dodoma. Akifika atakuwa amesafiri zaidi ya kilomita 1,000 ili apewe dakika chache mbele ya kipaza sauti, na nyumbani bomba la kupulizia litakuwa limeegemea ukuta, salfa ikiwa kwenye mfuko ambao haujafunguliwa.